Maumivu ya bawasiri: la kufanya usiku wa leo, na la kufanya kabla ya choo cha kesho

Wengi wakibanwa na bawasiri hukimbilia tyubu. Wanaenda duka la dawa, wanapaka siku tatu, wanapata nafuu, halafu asubuhi ya nne choo kigumu kinapita na kufumua kila kitu. Tyubu haina kosa. Kosa ni kutibu ngozi na kuacha kile kinachoichuna. Kwa hiyo mwongozo huu una kazi mbili zinazoanza siku moja: kutuliza maumivu kwa saa 48 za kwanza, na kulainisha choo. Ukifanya ya kwanza peke yake, utarudi dukani.

Kwanza, jua kinachouma ni nini

Kila mtu anazaliwa na vifuko vya mishipa ya damu katika njia ya haja kubwa. Vinasaidia kuziba ili hewa na choo visivuje. Vikivimba na kushuka ndipo tunasema mtu ana bawasiri. Vilivyo juu, ndani, vimefunikwa na utando usiohisi maumivu. Vilivyo chini, ukingoni, vimefunikwa na ngozi ya kawaida inayohisi kila kitu. Hapo ndipo penye siri ya jambo zima: bawasiri ya ndani kwa kawaida haiumi. Inatoa damu nyekundu mbichi inayodondoka chooni au kuonekana kwenye maji ya kutawazia, lakini haiumi, isipokuwa imetoka nje na kubanwa.

Basi kama unaumia sana, jiulize lipi kati ya haya manne ni lako.

Nundu ngumu ya ghafla ukingoni, rangi ya zambarau au bluu, ukubwa wa harage au zaidi, inauma hata ukikaa: hiyo ni bawasiri ya nje ambayo damu imeganda ndani yake. Maumivu hupanda siku mbili au tatu za kwanza, kisha hushuka yenyewe, na mara nyingi ndani ya siku 7 hadi 10 mtu anakaa vizuri. Nundu yenyewe huchukua wiki kadhaa kunywea, na inaweza kuacha kipande cha ngozi kilicholegea.

Maumivu ya kukata kama wembe wakati choo kinapita, kisha kuchoma kwa dakika au hata saa kadhaa baadaye, bila nundu ya maana: huo ni mchaniko wa ngozi, siyo bawasiri. Watu wengi wanaotibiwa bawasiri miezi na miezi bila kupona wana mchaniko. Maji ya uvuguvugu na kulainisha choo vinausaidia pia, lakini ukizidi wiki sita unahitaji dawa ya kupaka ya kulegeza msuli, ambayo daktari ndiye anayeandika.

Maumivu ya kudunda usiku na mchana, yanayozidi kila siku, pamoja na joto la mwili au uvimbe mwekundu wenye moto: hilo ni jipu. Usikae kwenye beseni la maji ya uvuguvugu ukisubiri lipone. Linapasuliwa hospitalini, na mapema.

Nyama iliyotoka ndani ikakataa kurudi, inauma na inabadilika rangi kuwa nyeusi: bawasiri ya ndani iliyobanwa. Nayo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Maji ya uvuguvugu

Hii ndiyo dawa ya kwanza, na haina gharama zaidi ya mkaa wa kuchemshia. Maji ya uvuguvugu hulegeza msuli unaofunga njia ya haja kubwa. Msuli ule ukiumia hujikaza, ukijikaza unauma zaidi. Maji yanakata mzunguko huo.

Chukua beseni pana la plastiki unaloweza kulikalia, na liwe la kazi hii tu, siyo la vyombo wala la kukandia unga. Lioshe kwa sabuni na ulisuuze vizuri. Mimina kwanza lita 4 za maji ya kawaida, kisha ongeza lita 1 iliyochemka. Kwa maji ya bomba yaliyopoa, mchanganyiko huo unafika karibu nyuzi 40, ndipo panapotakiwa. Angalizo la huku kwetu: maji ya tangi lililoshinda juani Tabora mwezi wa kumi tayari ni ya moto, na kipimo hicho kitakuunguza. Kwa hiyo usiamini vipimo peke yake, tumbukiza kiwiko. Kiwiko kikisema ni ya kuogeshea mtoto mchanga, sawa. Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi amwombe mtu mwingine ampimie.

Kaa makalio yakiwa ndani ya maji, magoti yamekunjwa, mgongo umeegemea ukuta. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Fanya mara tatu kwa siku, na mojawapo iwe mara tu baada ya kwenda haja. Ukikaa nusu saa au zaidi ngozi inalowa, inafura na kuanza kuwasha. Ukimaliza, jikaushe kwa kugusagusa na kitambaa laini cha pamba, usisugue.

Usitie chochote kwenye maji. Chumvi si lazima, na nyingi inachoma. Dettol, spiriti, magadi na limau vinaunguza ngozi iliyokwisha kuchubuka, na hapo utakuwa na magonjwa mawili.

Barafu, kwa nundu ya ghafla tu

Siku ya kwanza na ya pili ya nundu mpya, barafu inasaidia kupunguza uvimbe. Funga vipande ndani ya mfuko safi wa plastiki, uzungushie khanga au taulo, weka dakika 10, kisha pumzika angalau saa moja kabla ya kurudia. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, itaichoma kama moto. Na ile ya kuhifadhia migebuka mwaloni iacheni ifanye kazi yake ya samaki.

Vidonge vya maumivu

Anza na paracetamol. Mtu mzima: vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji mkubwa wa pombe aulize mtoa dawa kwanza, maana kipimo chake ni kidogo zaidi.

Isipotosha, ongeza ibuprofen miligramu 400 kila baada ya saa 8, baada ya kula, kwa siku mbili au tatu. Isitumiwe na mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye shida ya figo, mwenye pumu inayoamshwa na dawa hizi, wala mtu ambaye bawasiri yake inatoa damu nyingi.

Hapa kuna mtego. Diklopa, inayouzwa kila kona, tayari ina paracetamol na diclofenac ndani ya kidonge kimoja. Ukiimeza pamoja na Panadol umezidisha paracetamol. Ukiimeza pamoja na ibuprofen umezidisha tena, maana diclofenac na ibuprofen ni dawa za jamii moja. Chagua njia moja. Aspirini iache, inaongeza kutoka damu. Tramadol na vidonge vyenye kodeini viache pia: vinatuliza leo na kufunga choo kesho, na ukifunga choo umerudi mwanzo.

Antibiotiki, yaani amoksilini, Flagyl na ndugu zake, hazina kazi kwenye bawasiri. Mkiambiwa dukani mzichukue "kwa ajili ya kukausha", okoeni pesa hiyo mnunue mapapai.

Tyubu na dawa za kuingiza

Ukifika famasia au duka la dawa muhimu, huna haja ya kuona haya wala kuzunguka maneno. Sema tu: "Shikamoo dada, naomba dawa ya kupaka ya bawasiri yenye ganzi." Kinachotafutwa kwenye maandishi ya boksi ni lidocaine. Osha mikono, paka kiasi cha punje ya harage ukingoni, mara tatu au nne kwa siku, mojawapo ikiwa dakika chache kabla ya kwenda haja. Kuwasha kukizidi badala ya kupungua, ngozi yako imeikataa, acha.

Kama boksi linaonyesha pia hydrocortisone, hiyo ni steroidi, inapunguza uvimbe na muwasho, lakini mwisho siku 7. Zaidi ya hapo ngozi inakuwa nyembamba na kuchanika kwa urahisi. Zile krimu za fangasi zenye dawa tatu ndani yake, ambazo watu hupaka kila kitu kuanzia uso hadi unyayo, zina steroidi kali zaidi. Hazifai huku kabisa.

Dawa ya kuingiza yenye umbo la risasi humsaidia mwenye bawasiri ya ndani kuliko ya nje. Tatizo lake ni joto: imetengenezwa iyeyuke ndani ya mwili, kwa hiyo ikikaa mfukoni Kigoma mchana utafungua karatasi ukute mafuta. Iloweshe ikiwa ndani ya karatasi yake kwenye maji ya baridi kwa dakika 10 kabla ya kutumia. Lalia ubavu wa kushoto, kunja goti la kulia, isukume ncha ikitangulia hadi ipite msuli, kama sentimita 2 au 3, kisha tulia umelala robo saa. Itumie baada ya choo, wakati wa kulala. Ukiitumia kabla ya choo itatoka nacho.

Kuna pia vidonge vya diosmin vilivyochanganywa na hesperidin, ambavyo hupunguza kutoka damu na uvimbe bawasiri inapoanza kuuma ghafla. Kwa vile vya miligramu 500 kipimo ni 6 kwa siku kwa siku 4, kisha 4 kwa siku kwa siku 3. Bei yake si ndogo. Ukiwa huna, usikope kwa ajili yake. Beseni na choo laini ndivyo vinavyobeba kazi kubwa.

Choo cha kesho

Sehemu hii ndiyo inayoamua kama utapona.

Choo kinakuwa kigumu kwa sababu kimekosa nyuzinyuzi za kushika maji, au kimekosa maji yenyewe, au kimekaa muda mrefu kikisubiri hadi utumbo ukakikamua. Angalia sahani ya kawaida ya mwambao wa Ziwa Tanganyika: ugali wa muhogo, mgebuka au dagaa, mchuzi wa mawese. Chakula kitamu, chenye nguvu, lakini samaki na mafuta havina nyuzinyuzi hata kidogo, na mboga mara nyingi ni kijiko cha pembeni. Sahani ya wali mweupe na nyama haina tofauti. Mtu mzima anahitaji karibu gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku, na sahani hizo haziwezi kuzifikisha.

Rekebisha hivi. Maharage, ambayo Kasulu na Kibondo wanayo tele, yana karibu gramu 13 hadi 15 kwa kikombe kimoja yakiwa yamepikwa. Kikombe kimoja kwa siku ni nusu ya safari. Parachichi nusu lina gramu 6 hivi, embe moja karibu 5, ndizi mbivu 3. Sembe badilisha kwa dona. Mboga za majani ziwe nusu ya sahani: kisamvu, matembele, nsansa, mchicha. Mlenda wa Wanyamwezi unasaidia mara mbili, kwa nyuzinyuzi na kwa utelezi wake. Viazi vitamu vichemshe na maganda. Michembe (vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa) nayo ni mizuri, ila ni vikavu: ukila bila maji ya kutosha vitakufunga badala ya kukufungua.

Usianze yote siku moja. Ongeza kidogokidogo kwa wiki moja hadi mbili, la sivyo tumbo litajaa gesi na utalaumu maharage bure.

Maji: lita 2 hadi 2.5 kwa siku, na zaidi kwa anayelima juani, anayebeba mizigo bandarini au anayeshinda kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Mkojo ndio shahidi. Ukiwa wa njano iliyokolea, hujanywa. (Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyepangiwa kiasi cha maji afuate alichopangiwa.)

Chakula kinachukua siku kadhaa kufanya kazi, na wewe una choo cha kesho. Kwa hiyo tumia dawa ya kulainisha kwa siku chache. Sirapu ya lactulose, mililita 15 asubuhi na jioni, inalainisha baada ya siku moja hadi mbili. Unga wa isabgol (maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi nyingi), kijiko kimoja cha chakula ndani ya glasi kubwa ya maji, unywe papo hapo kisha fuatisha glasi nyingine. Ukiumeza na maji machache unavimba njiani na kukwama. Bisacodyl miligramu 5 hadi 10 usiku inafungua asubuhi, lakini inasokota tumbo na haifai kuzoewa. Mnyonyo na shubiri ya kunywa vinaharisha kweli, tatizo hakuna ajuaye kipimo. Na kuhara nako kunachubua mahali palepale penye kidonda.

Sasa chooni. Mwili hutaka kwenda haja baada ya kula, hasa asubuhi baada ya uji au chai. Nenda wakati huohuo ukiitwa, usiahirishe. Choo cha kuchuchumaa kina mkao mzuri. Cha kukalia kiongezewe kigoda cha sentimita 15 hadi 20 chini ya miguu, magoti yapande juu ya kiuno. Usikamue kwa kuziba pumzi. Kama hakijatoka ndani ya dakika 5, inuka, utarudi. Simu ibaki sebuleni. Wengi hawajui kwamba kuchuchumaa robo saa wakitazama video ndiko kunakovuta damu chini na kujaza vifuko vile. Tawaza kwa maji bila sabuni. Magazeti na makaratasi ya daftari yanachubua.

Wasafiri wana shida yao. Mtu akipanda basi la Kigoma kwenda Tabora, anajinyima maji tangu jana yake asije akaomba kuchimba dawa porini. Anafika salama, na choo kimekuwa jiwe. Kunywa kidogokidogo njiani, beba ndizi na papai badala ya biskuti na mayai, na shuka kila gari linaposimama. Mwenye bodaboda au baiskeli apumzike siku zile mbili tatu za maumivu. Kiti kile kinakandamiza palepale.

Kinachotoka nje na kurudishwa

Kinyama cha bawasiri kikitoka baada ya choo na hakiumi sana, osha mikono, weka kitambaa cha baridi dakika 10, paka Vaseline kwenye kidole, lalia ubavu wa kushoto au piga magoti kifua kikiwa chini. Sukuma taratibu, bila kuacha, dakika kadhaa, ukipumua kwa mdomo. Kikigoma, kikiuma au kikiwa cheusi, usishindane nacho.

Kamwe usikubali kukatwa kwa wembe, kufungwa uzi nyumbani, wala kuwekewa dawa ya unga "inayoangusha kinyama". Dawa hizo zinaunguza, na kovu lake linaweza kubana njia ya haja kubwa au kuharibu msuli, mtu akabaki akivuja choo maisha yake yote. Asali safi ya Tabora ukiipaka nje haina madhara makubwa, inachonyota kidogo, lakini usiitegemee kuponya nundu.

Mama mjamzito atumie maji ya uvuguvugu, paracetamol, isabgol au lactulose, na alalie ubavu wa kushoto. Vidonge vya kuongeza damu hufunga choo na kukifanya cheusi. Asiviache, amwambie mhudumu wa kliniki.

Lini uende, na utakutana na nini

Nenda leo kama kuna homa pamoja na maumivu, mkojo umekataa kutoka, damu inatiririka, choo ni cheusi wakati humezi vidonge vya damu, au unahisi kizunguzungu. Nenda wiki hii kama damu imechanganyika na choo au na makamasi, unakonda, choo kimebadilika tabia, au una zaidi ya miaka 40 na damu ndiyo imeanza. Saratani ya utumbo mpana huanza hivihivi, na watu huipaka tyubu. Wavuvi na wote wanaooga ziwani wapime choo pia, maana kichocho cha tumbo nacho hutoa damu na makamasi, na tiba yake ni praziquantel. Dawa za bawasiri hazikigusi.

Nundu yenye damu iliyoganda, ukiwahi ndani ya saa 72 inaweza kutolewa kwa ganzi ya sindano na maumivu yakaisha haraka. Baada ya hapo maumivu yanashuka yenyewe, kwa hiyo kukata hakuna faida kubwa. Ndiyo maana kusubiri wiki nzima nyumbani halafu kudai upasuaji ni kuchelewa mara mbili.

Anza kituo cha afya kilicho karibu, wakupe rufaa kama inahitajika kwenda hospitali ya mkoa, Maweni kwa walio Kigoma au Kitete kwa walio Tabora. Daktari atakulaza ubavu wa kushoto, ataangalia, ataingiza kidole chenye glavu na pengine kipimo kifupi cha kutazamia. Ni dakika chache. Mwambie bila kuficha: umeumwa tangu lini, damu ni ya rangi gani, kuna kinachotoka, umeshapaka nini. Hata ile dawa ya mtaani, itaje.

Bawasiri ya ndani isiyosikia dawa inaweza kufungwa mpira kwenye shina lake, pale pasipohisi maumivu. Kila penye huduma hiyo mtu hurudi nyumbani siku hiyohiyo, kwa kawaida akiwa na hisia ya kubanwa au maumivu kiasi. Mpira huanguka na kinyama chake kati ya siku ya 5 na ya 10, na ndipo damu inaweza kutoka ghafla. Anayetoka Kaliua, Sikonge au ndani kabisa Uvinza atafute ndugu wa kufikia karibu na hospitali kwa siku hizo, asimeze aspirini wala diklopa, na aendelee na isabgol yake kama kawaida.